Panga Kwenye Umande

Mimi ni mtoto wa Ihembe, naishi na VVU tangu 2009. Nashuhudia ili mwenzangu asipite nilikopita.

Nilipopata nafuu nikarudi kupalilia migomba, niliacha dawa za VVU. Nilijiona nimepona. Mtu aliniuzia chupa ya kusafisha damu. Nikaweka vidonge juu ya kabati, nikawa nakunywa ile chupa. Miezi minane baadaye CD4, seli za kinga ya mwili, zilikuwa zimeporomoka, na ulimi wangu umejaa utando mweupe.

Muuguzi, mama mtu mzima, hakunigombeza.

"Mwanangu, panga likilala nje kwenye umande?"

"Linashika kutu, mama."

Akanieleza. Kirusi kikishazaliana ndani ya seli, protini zake hutoka nje. Moja inaitwa Tat. Hiyo hupenya hadi seli ya jirani, ambayo haina kirusi hata kimoja. Nyingine, gp120, huisumbua seli kwa nje tu. Mitokondria, ndiyo jiko la seli, huanza kuvujisha oksijeni kali kama cheche. Tat hupunguza kimeng'enya cha kuzima cheche hizo, na akiba ya glutathioni, inayoilinda seli, hupungua. Cheche huunguza utando wa seli, protini na vinasaba. Kutu ile ile. Ila seli, ikiharibika mno, hujiua yenyewe. Si njia pekee ya seli kufa, lakini hii ndiyo iliyonishika moyo: kumbe nilipokuwa nikilima kwa nguvu zote, hata seli zangu nzima zilikuwa zinakufa kimya kimya.

"Sasa mama, ile chupa si ingeondoa kutu?"

"Utasugua kutu mpaka lini, na panga umeliacha kwenye umande?"

Vidonge hukizuia kirusi kisiambukize seli mpya, basi seli zinazotoa hizo protini huzidi kupungua. Hapo nililia, nikamkumbuka shangazi. Shangazi yangu alikufa wakati UKIMWI ukiitwa Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu huu wa Kagera. Watu walisema shangazi karogwa. Yeye hakuwa na kidonge cha kuacha. Mimi nilipewa bure, nikakiweka juu ya kabati.

Sasa saa tatu usiku simu inalia, mke wangu ananiletea maji ya kunywea vidonge. Majibu ya mwisho ya wingi wa virusi: havionekani. Chupa niliimwaga shambani, nyuma ya migomba.