Kipimo cha Bibi

Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Kwetu Mkongani, huko Kwale, mgonjwa hakuulizwa dawa pia. Mwaka wa 2009 mpwa wangu, mtoto wa miaka mitatu, alishikwa na homa. Bibi akachemsha majani ya mwarobaini, akamfukiza na kumnywesha kwa kijiko, siku ya kwanza na ya pili. Alfajiri ya siku ya tatu mtoto alikakamaa, macho yakageuka weupe mtupu, na wanawake wa mji wakanong'ona kuwa ni nyuni, yaani degedege. Kaka yangu hakungoja kikao. Alimpakata mwanawe juu ya pikipiki ya jirani, wakaondoka.

Mtoto alidungwa kwinini, kisha akapewa vidonge vya manjano vya dawa mseto. Baada ya siku nne alirudi nyumbani akidai maembe. Lakini kabla ya hapo, muuguzi mmoja alimwambia bibi mbele ya wodi nzima kwamba ushenzi wake ulikuwa karibu kumuua mjukuu. Bibi alivuta leso yake akafunika kinywa. Mimi, wakati huo mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa pili niliyejiona bingwa wa maneno, sikusema lolote. Kimya kile kimenisumbua tangu hapo.

Laiti ningalijua nilijualo sasa! Kwinini asili yake ni magome ya mti wa Amerika ya Kusini. Nazo dawa mseto, ambazo Kenya ilizichagua mwaka wa 2004 na kuanza kuzigawa katika vituo vya afya vya serikali mwaka wa 2006 baada ya malaria kuzizoea zile za awali, zina kiungo kiitwacho artemeta, kitokacho kwenye mmea wa Kichina wa jamii ya pakanga. Kwa maneno mengine, mpwa wangu aliponywa kwa miti shamba ya watu wengine. Tofauti ni kwamba miti hiyo ilikuwa imepimwa.

Habari za mmea huo nilizisoma mwaka wa 2015, Tu Youyou alipotunukiwa Tuzo ya Nobeli. Serikali ya China ilikuwa imeanzisha mwaka wa 1967 mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mama huyu na wenzake walipekua maagizo ya kale zaidi ya 2,000, wakajaribu mitishamba kwa mamia. Mmea uitwao qinghao ulionyesha dalili njema, kisha ukawaangusha. Alipokirudia kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya nne, aligundua kuwa tabibu yule hakutaja moto popote: majani yalilowekwa majini, yakakamuliwa. Basi Tu akaacha kuchemsha, akatumia kiyeyushi kinachochemka kwa joto dogo. Mwezi Oktoba 1971 dawa ilisafisha vimelea vyote katika damu ya panya. Mwaka uliofuata, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe ili waone kama ingewadhuru. Ndipo wakaipeleka kwa wagonjwa 21 kisiwani Hainan.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi nirudi katika uwanja wetu wa lugha. Neno letu "kipimo" hubeba mambo matatu: chombo cha kupimia, kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa, na uchunguzi wenyewe. Sioni kuwa huo ni umaskini wa msamiati. Aliyeweka neno moja kwa mambo hayo alijua kwamba dawa isiyo na kiasi haijachunguzwa. Na jina nalo ni kipimo. Huko Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia mitishamba ya Kichina ili wakonde waliharibikiwa figo, wengi wao kwa namna isiyotibika. Mzizi uitwao fangji ulikuwa umebadilishwa na mwingine uitwao guang fangji, wenye sumu. Kosa la kutatanisha majina mawili, ambalo sisi katika mtihani wa isimu hulikata alama moja, lilikata uhai wa watu.

Nilipomsimulia bibi habari za Ge Hong, hakustaajabu. Alinikumbusha vuo, majani yanayofikichwa katika maji baridi ambayo mgonjwa huogeshwa. "Kuna mti wa moto na mti wa maji, mwanangu. Huyo Mchina wenu alichelewa kuuliza." Nilicheka, kisha nikamuuliza: je, mwarobaini umewaponya wangapi? Akawataja kwa majina, mji baada ya mji. Na ambao haukuwaponya? Alinyamaza kitambo. Wale, alisema, hatukuwahesabu, tuliwazika.

Nadhani pengo lilikuwa hapo. Ujuzi alikuwa nao, hata kiasi alikuwa nacho, lakini daftari la walioshindwa hakuwa nalo. Wala tusidhani mmea ukishasifiwa duniani basi kila mtu ajipikie: mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilikataa kuunga mkono chai ya pakanga ile ya Kichina kwa malaria, kwa kuwa dawa iliyomo katika majani hailingani, na kiasi kidogo huwafunza vimelea kuistahimili.

Likizo ile nilinunua daftari la kurasa 96, nikamwomba bibi tuandike: jina la mti kwa Kidigo na kwa Kiswahili, sehemu iliyotumika, kiasi, siku, na yaliyompata mgonjwa. Alikubali kwa sharti moja.

"Na wanaofia huko hospitalini, nao wanaandikwa?"

Nikamwambia wanaandikwa.

"Basi andika." Akataka tuanze na mpwa wangu. Nikaandika: mwarobaini, majani, konzi mbili kwa sufuria ya maji, siku mbili. Nilipofika safu ya mwisho kalamu ilisita, nikitafuta neno la kumstahi. Bibi aliuona mkono wangu umesimama.

"Andika hakupona," akasema. "Kisha andika na siku aliyopelekwa."