Ndia Kuu na Ahadi ya Java

Atokaye Fort Jesus akaingia Mji wa Kale wa Mombasa hukutana na barabara iitwayo Ndia Kuu. Mgeni aliyelelewa katika Kiswahili cha shuleni aghalabu hudhani kwamba jina hilo liliandikwa kimakosa, kwani neno alijualo ni njia. Hakuna kosa lolote. Kwa Kimvita njia ni ndia, macho ni mato, kichwa ni kitwa na njoo ni ndoo. Bibi wa mtaani akimwita mjukuu wake, "Ndoo hapa, mwanangu," naye mjukuu akamjia na ndoo ya maji mkononi, hakuna aliyekosa adabu. Herufi ni zile zile. Masikio ndiyo yaliyotofautiana.

Mkanganyiko wa namna hiyo waliujua pia mafundi wa simu katika miaka ya 2000, wakati rununu za vibonye zilipokuwa zimeenea. Fundi alipewa faili ya mchezo au ya kamusi, akaitia katika simu moja ikafanya kazi vyema. Akiitia katika simu ya pili, maandishi yalikatwa ukingoni mwa kioo. Simu ya tatu iliikataa kabisa. Faili haikuwa imebadilika hata nukta.

Ajabu ya jambo hilo ni kwamba programu hizo ziliandikwa kwa Java, lugha ya tarakilishi iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, ikapewa jina litokanalo na kahawa. Ahadi yake ilikuwa kwamba mtu ataandika mara moja, na alichokiandika kitatumika popote. Siri ya ahadi hiyo ni mkalimani. Programu ya Java haizungumzi na chuma cha mashine moja kwa moja, bali huzungumza na programu nyingine iliyomo ndani ya mashine, nayo huyafasiri maagizo kwa lugha ya chuma hicho. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilitangaza Java ndogo kwa ajili ya rununu na tarakilishi za kiganjani, mathalani zile za Palm.

Hata hivyo, mkalimani hawezi kukipanua chumba alichomo. Simu nyingi za Nokia za wakati huo zilikuwa na kioo cha pikseli 128 kwa 128, ilhali Nokia 6600 ya mwaka 2003 ilikuwa na pikseli 176 kwa 208. Baadhi ya simu za mwanzo hazikukubali faili iliyozidi kilobaiti 64. Ndipo waandishi wa programu wakalazimika kutoa matoleo kadhaa ya kazi moja. Ile "popote" iligharimiwa mahali pamoja pamoja.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya kuitafakari habari hii, kwa kuwa ahadi kama hiyo ilitolewa Mombasa penyewe. Mwaka 1928 mkutano wa wawakilishi wa nchi za Afrika Mashariki ulikaa mjini humo, ukaichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kusanifisha. Kimvita, lahaja ya tungo za Muyaka bin Haji na msingi wa kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapwa mwaka 1882, kikaachwa mlangoni mwa nyumba yake. Faida ya uamuzi ule haikanushiki, maana kitabu kimoja kiliweza kusomwa Mombasa, Dodoma na Kampala. Lakini kilichoachwa nje nacho kina thamani. Kimvita hutofautisha p'aa, mnyama wa porini, na paa la nyumba kwa mpumuo wa sauti ya kwanza. Maandishi sanifu huyaandika yote mawili paa.

Je, kilichoachwa hakirudi? Historia ya Java yatoa jibu. Mwaka 2000 msingi wa Java ya vifaa vidogo, CLDC 1.0, ulitolewa bila nambari zenye nukta ya desimali, kwa kuwa prosesa nyingi za vifaa hivyo hazikuzimudu kwa wepesi. Aliyetaka kuandika programu ya kukokotoa zaka ya mali, ambayo ni asilimia 2.5, ilimbidi aizunguke nukta kwa kuigawa mali kwa 40. Toleo la CLDC 1.1 la mwaka 2003 likazirudisha nambari hizo, na programu zilizoandikwa awali hazikuharibika. Usanifu ulipanuliwa pasi na kuvunjwa.

Kiswahili nacho kimeonyesha kuwa chaweza. Abdilatif Abdalla aliandika *Sauti ya Dhiki* kwa Kimvita akiwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973, ikasomwa mbali na kisiwa cha Mombasa. Msomaji asiyejua mato wala ndia hakushindwa, maadamu alipata mwalimu wa kumfasiria. Mwalimu ndiye mkalimani.

Rununu za Java zilipokwisha kupisha simu za Android, kama Huawei IDEOS iliyoingia Kenya mwaka 2011, programu nyingi za awali zilibaki katika simu zilizotupwa droo, kwa kuwa hapakuwa na aliyezihamisha. Lahaja ibakiyo vinywani mwa wazee peke yao imo katika droo hiyo hiyo. Basi na waingie wanafunzi Kibokoni na Kuze wakiwa na daftari, waandike ndia kando ya njia na p'aa kando ya paa, na mwalimu aionapo ndia katika insha ya mtoto wa Mvita aulize ilikotoka kabla ya kuipiga mstari mwekundu.