Grogan: Ambako fundi husikiliza kabla ya kufungua

UKITEREMKA kutoka River Road jijini Nairobi kuelekea mtoni, pua itakuarifu kabla ya macho. Harufu ya petroli, rangi na vyuma vinavyochomelewa itakupokea katika barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu hadi leo tunaiita Grogan. Jina hilo la zamani ni la mlowezi Ewart Grogan, aliyefika Cairo mwaka wa 1900 baada ya kusafiri kutoka kusini mwa Afrika, sehemu kubwa kwa miguu. Huenda ndiyo sababu wateja wengi hapa nao huja kwa miguu, magari yao yakiwa yamekwama kwingine!

Mimi nilifika nikiendesha Peugeot 504 ya marehemu baba, aina iliyopata kushinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Gari hilo ndilo humleta mama kliniki kila mwezi kutoka Machakos. Ugonjwa wake ulikuwa wa kujificha. Asubuhi liliwaka bila taabu. Adhuhuri, baada ya safari, lilikataa. Likipumzika nusu saa, likawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Nilinunua betri mpya, likakataa. Nikabadilisha stata, likakataa tena, na mama akakaa juani katika uwanja wa hospitali hadi saa tisa. Jioni aliniambia kwa upole, "Liuze tu, mwanangu. Baba yako hatakasirika."

Maneno hayo yaliniuma kuliko gharama zote.

Ndugu msomaji, ukiingia Grogan usishtuke kuzingirwa na vijana hata kabla hujazima injini. Kila mmoja atakuwa na dawa. Wapite polepole. Nyuma ya maduka ya vipuri, kando ya rundo la milango na vioo, nilimkuta fundi mwenye mvi akinywa chai. Hakushika spana. Aliuliza tu, "Mwanangu, likikataa linasemaje?"

"Linagonga 'tak' mara moja, mzee, kisha linanyamaza."

Alifurahi. Gari likinyamaza au likigonga tu, alisema, tafuta kosa kwenye betri, nyaya, stata au swichi ya ufunguo. Likizunguka vizuri bila kushika, kosa liko kwenye petroli au moto wa plagi. Ukichanganya mambo hayo mawili, utanunua vipuri bure.

Basi tukasubiri. Injini ikiwa moto, aliizima na kuiwasha mara nane. Mara ya tisa, tak! Akaniamuru niwashe taa kubwa kisha nizungushe ufunguo. Taa hazikufifia hata kidogo. "Zingefifia, tungeshuku betri au vifungo vyake," alisema. "Nguvu ipo, lakini haifiki kwenye stata."

Alihakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa. Akachukua waya mnene, akaunganisha upande hasi wa betri moja kwa moja na chuma cha injini. Nilipozungusha ufunguo, injini ikanguruma.

Mkosaji ulikuwa waya unaounganisha injini na bodi ya gari, ambao mafundi huuita athi. Kwa nje ulionekana mzima. Alipoukata, ndani ulikuwa umeota kutu ya kijani, na nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika. Joto lilipozidi, nyuzi zilizobaki zilishindwa kupitisha umeme wa kutosha. Alifungua betri akianza na upande hasi, akaweka waya mpya, akasugua vifungo kwa msasa, kisha akaurudisha upande hasi mwisho. Bei ya waya ule haikufika sehemu ya kumi ya bei ya betri niliyonunua bila kuuliza.

Kwa hivyo, gari lako kuukuu likianza vituko, shika kalamu kabla ya pochi. Andika lilikataa saa ngapi, likiwa moto au baridi, lilitoa sauti gani, na taa zilifanyaje. Karatasi hiyo ndiyo uipeleke Grogan, na umtafute fundi atakayeisoma.

Mwezi uliofuata tulitoka kliniki saa saba mchana. Nilizungusha ufunguo huku nikiomba kimoyomoyo. Liliwaka. Mama alitazama mbele, akafunga mkanda, akaanza kumenya chungwa. Habari ya kuuza hajaitaja tena.