Mandera Ilipungua Lini? Safari Yangu ya Kujifunza Kuchambua Data

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenizidi. Leo nataka tuongee kuhusu uchambuzi wa data, maana karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza: "Nianzie wapi? Excel au Python? Itanichukua muda gani mpaka niwe mtaalamu?" Badala ya kuwapa orodha ya masomo, nitawasimulia jinsi nilivyojifunza mwenyewe, pamoja na kosa langu lililokaribia kuwamwagia watu wawili unga wao.

Mimi ni mtengenezaji wa programu. Nilisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, na sasa nafanya kazi katika kampuni ndogo hapa Upper Hill, Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu za kuhifadhi data. Kuichambua ilikuwa kazi ya mwenzangu. Mwenzangu alipoacha kazi, bosi alinigeukia akasema, "Wewe si umesoma kompyuta?" Basi, yakawa yangu.

Nilianza na Excel, kama wengi. Nilijifunza kupanga, kuchuja, kujumlisha, na zile jedwali za pivoti ambazo mwanzoni zilinitoa jasho. Hapo pia ndipo nilipojua kwamba wastani unaweza kukudanganya. Chukua watu watano: wanne wanalipwa shilingi 20,000, 22,000, 25,000 na 28,000, na wa tano ni mkubwa wao anayelipwa 400,000. Wastani ni 99,000. Nani kati yao anapata 99,000? Hakuna! Ukiwapanga kwa mstari ukamtazama wa katikati, utapata 25,000, na hiyo ndiyo picha iliyo karibu na ukweli.

Siku moja nikafungua faili la mauzo na Excel ikanionya kwamba data yote haikuingia. Nikabonyeza "sawa" nikaendelea na kazi. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba ukurasa mmoja wa Excel una mistari 1,048,576 tu, na inayozidi hapo huachwa nje. Ripoti yangu ilikuwa imekosa miezi miwili ya mwisho. Nikahamia SQL, ambayo kwangu ilikuwa rahisi kwa sababu hifadhidata nilikuwa nimezizoea tangu chuoni.

Halafu nikaingia Python, na ile maktaba ya pandas ambayo Wes McKinney alianza kuiandika mwaka 2008. Hapa niliona utamu! Lakini kazi ya kwanza ilinifunza adabu. Niliunganisha jedwali mbili za kaunti kwa kutumia majina, na kaunti 47 zikatoka 43. Nne zimekwenda wapi? Jedwali moja liliandika "Murang'a", jingine "Muranga". Moja "Elgeyo/Marakwet", jingine "Elgeyo Marakwet". "Tharaka-Nithi" na "Tharaka Nithi". "Nairobi City" na "Nairobi". Nairobi nzima, yenye watu 4,397,073 katika sensa ya 2019, ilipotea kwa sababu ya neno moja. Tangu hapo naunganisha kwa namba za kaunti: Mombasa 001, Mandera 009, Nairobi 047.

Baada ya mwaka hivi nilijiona nimeiva. Kumbe!

Mteja wetu mmoja anauza taa za sola kwa mkopo kupitia mawakala. Aliomba ripoti: kaunti gani zinafaa kuongezewa mawakala, na zipi zipunguziwe. Nilichukua sensa ya 2009 na ya 2019, nikahesabu kila kaunti imeongezeka kwa asilimia ngapi, nikaweka idadi ya wateja wetu kando yake, nikachora grafu nzuri za rangi. Nchi nzima ilikuwa imetoka watu 38,610,097 hadi 47,564,296, yaani ongezeko la asilimia 23. Lakini Mandera ilikuwa chini kabisa: 1,025,756 mwaka 2009, na 867,457 mwaka 2019. Imepungua kwa zaidi ya asilimia 15! Wateja wetu huko nao walikuwa wachache. Nikaandika bila wasiwasi kwamba mawakala wawili wa Mandera waondolewe.

Kabla ripoti haijatumwa, mhasibu wetu aliipitia ili aangalie gharama. Yeye ni mzaliwa wa Mandera. Akaja mezani kwangu na karatasi mkononi.

"Kijana, sisi tumepungua lini?"

"Dada, hizo ni takwimu za serikali. Sikuzitunga mimi."

"Sijasema umezitunga. Nimeuliza tumepungua lini. Kila nikienda nyumbani naona nyumba mpya."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomula, lakini jibu sikuwa nalo.

Jioni hiyo nilitembea kuteremka Hospital Road, nikapita Real Towers, jengo yalipo makao ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Nilikuwa nalipita kila siku bila kuwaza kwamba namba zangu zinatoka humo. Usiku nikashusha ripoti zao kwenye mtandao, na mara hii sikuruka maelezo kwenda kwenye jedwali. Nikatafuta pia sensa ya 1999. Mandera ilikuwa na watu 250,372.

Hebu fikiri: kutoka 250,372 hadi 1,025,756 kwa miaka kumi. Ni mara nne! Ni ongezeko la karibu asilimia 15 kila mwaka, wakati nchi nzima ilikuwa ikiongezeka kwa karibu asilimia 3. Nikaendelea kusoma. Kumbe mwezi Agosti 2010 aliyekuwa waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza kufuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, zikiwemo tatu za Mandera, kwa sababu ongezeko lake halikulingana na vizazi na vifo. Wakazi hawakukubali, na jambo hilo likafika mahakamani. Hesabu ya 2019 ya eneo hilo nayo ikafika mahakamani, safari hii kwa madai kwamba watu wamehesabiwa pungufu.

Wala si ubishi wa bure. Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Namba hiyo ni barabara, ni zahanati, ni walimu. Halafu wafugaji wanahamahama, kwa hiyo huenda hata 1999 wengi waliachwa. Kwa kifupi, asilimia 15 yangu ilikuwa tofauti kati ya hesabu mbili zinazobishaniwa. Haikuwa imehesabu mtu hata mmoja aliyehama.

Nikakumbuka Agosti 2009 nilipokuwa darasa la sita. Karani wa sensa alikuja kwetu usiku na fomu za karatasi, mama akamtaja na binamu yangu aliyekuwa amelala kwetu siku hiyo. Mwaka 2019 karani alikuja na tableti. Nilizishuhudia sensa zote mbili, lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nikasahau kwamba kila namba iliulizwa na mtu na ikajibiwa na mtu.

Je, na wateja wachache? Asubuhi niliwapigia simu wale mawakala wawili, jambo ambalo sikulifanya kwa wiki tatu za kazi ile. Wakaniambia huko mtu mmoja mwenye laini huwachukulia ndugu zake taa tano au sita. Na programu yetu inahesabu namba moja ya simu kuwa mteja mmoja. Nani aliiandika programu hiyo? Mimi mwenyewe!

Nilihesabu upya kwa taa, na Mandera ikapanda hadi katikati ya orodha. Kuhusu sensa niliandika wazi: namba hizi zina utata, zisitumiwe kuamua. Bosi hakufurahi, alitaka jibu la ndiyo au hapana. Lakini mawakala wale wapo kazini hadi leo.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nitakuambia anza na Excel, kisha SQL, kisha Python na takwimu kidogo kidogo. Ukifanya kila siku, baada ya mwaka mmoja utafika mbali. Lakini kabla ya kuchora grafu yoyote jiulize: nani alihesabu? Alihesabu nini hasa, watu au simu? Nani anafaidika namba ikiwa kubwa? Na yuko wapi mtu anayeishi ndani ya namba hiyo, nimpigie simu?

Siku hizi ripoti zangu zote hupitia kwa mhasibu kwanza. Huwa ananiuliza swali moja tu, na mara nyingi hulala nalo.

Haya, nirudi kazini. Kila la heri katika masomo yenu!