Juliet wa Parliament Road

Miaka ya tisini, ukitaka maigizo ya jioni jijini Nairobi, uliingia Professional Centre, Parliament Road, kwenye ukumbi wa Phoenix Players. Ukumbi ulikuwa mdogo, mwigizaji akishusha pumzi unamsikia. Kundi hilo ndilo lililompa Lupita Nyong'o, msichana wa miaka 14, nafasi ya kuwa Juliet wa Shakespeare. Mimi sikumwona. Nilienda wiki nyingine, kwa mchezo mwingine, na hadi leo najuta.

Wengi huanza kumsimulia kwenye filamu. Mimi huanzia jukwaani, maana ndiko anakorudi. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, alikuwa mfanyakazi mdogo nyuma ya kamera; mwigizaji Ralph Fiennes akamwambia aigize iwapo tu hawezi kuishi bila kuigiza. Mwaka 2009 tukamwona runingani, akiwa Ayira wa Shuga. Mwaka huohuo, akiwa mwanafunzi wa uigizaji Yale, aliwekwa mwigizaji wa akiba katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake wa vita vya Liberia. Kazi ya akiba ni ngumu: unashika kila neno, unakaa tayari nyuma ya pazia, na zamu yako haifiki. Halafu ikaja 12 Years a Slave, na Oscar ya 2014. Angeweza kubaki na kamera. Aliirudia Eclipsed, na mwaka 2016 akasimama nayo Broadway, sasa mbele ya pazia.

Usiku ule wa Oscar sote tulisema ni wetu. Lakini sisi wa viti vya Phoenix tulikuwa tumeshaanza kukosekana. Nilisingizia foleni ya magari, nikasingizia kazi, nikasema nitaenda mwezi ujao. Kodi ya pango haikungoja mwezi wangu ujao. Phoenix ikafunga, na msichana wa shule akapoteza mahali pa kusimama mbele ya watu wazima, kukosea leo, na kurudi kesho usiku kurekebisha. Hilo bado linaniuma.

Agosti 2025 Lupita alikuwa Viola katika Twelfth Night, kwenye ukumbi wa wazi wa Delacorte, Central Park, New York. Pacha wake mchezoni, Sebastian, aliigizwa na mdogo wake wa damu, Junior. Na katikati ya Kiingereza cha Shakespeare, ndugu hao wawili walisemezana kwa Kiswahili.