Mjomba, ninunue gemu ipi?



Ndugu zangu, mpwa wangu wa miaka 16 ana pesa ya gemu moja tu ya kompyuta, na anazozitaka ni mbili: FTL na Into the Breach. Akaja kuniuliza anunue ipi. Dada yangu alitaka nimjibu kwa ufupi: hakuna. Lakini kijana aliyekuja mwenyewe kuuliza, ukimfukuza kwa neno moja, swali lake la pili atalipeleka kwa mtu usiyemjua. Nikaomba siku mbili. Rafiki yake anazo zote, tukaazima kompyuta.

(Najua wapo watakaosema, ustadhi na magemu wapi na wapi. Sasa nitamshauri vipi juu ya kitu nisichokijua?)

Nilianza na kamari, maana ndipo vijana wetu wanaponaswa. Gemu nyingi za simu zina masanduku ya bahati: unatoa pesa halisi bila kujua utapata nini. Hizi hazina. Unalipa mara moja, basi. Zote ni za Subset Games, kampuni ndogo ya Justin Ma na Matthew Davis. Mwaka 2012 waliomba mtandaoni dola 10,000 wamalizie FTL, wakachangiwa zaidi ya 200,000.

FTL unaongoza chombo cha angani, waasi wako nyuma yako, na chombo kikiangamia unaanza upya kabisa. Moto ukiwaka ndani, unafungua milango hewa itoke, moto unazimika. Wallahi nilifurahi! Ila makombora mara yanapata mara yanakosa, kwa bahati tu, kwa hiyo ukishindwa hujilaumu. Unasema bahati mbaya, unaanza tena. Mpwa wangu alianza baada ya Isha, saa sita usiku bado anasema "hii ya mwisho." Alfajiri tulimwamsha mara tatu.

Into the Breach ilitoka 2018. Ni ubao wa miraba 8 kwa 8. Una mashine tatu, na wadudu wakubwa wanatoka ardhini kushambulia majengo yenye watu. Kabla hujacheza, kila mdudu anakuonyesha atapiga wapi. Unaweza kumsukuma hatua moja, pigo lake likamwangukia mwenzake. Hakuna saa inayokukimbiza, na pambano linaisha kwa zamu chache. Ukipoteza jengo, mara nyingi unajua ni hatua ipi uliyoikosea.

Magharibi ilipoadhiniwa alikuwa katikati ya pambano. Aliinuka, akaswali na sunna yake, akarudi akawakuta wadudu wanamngoja. FTL nayo inasimamishwa, usidhani haisimami, lakini jana yake aliondoka nayo moyoni. Rakaa zake zilikuwa za mbio, nilimwona.

Nikamwambia achukue Into the Breach. Akacheka: "Lakini mjomba, wewe mwenyewe umeipenda FTL!"

Nikamwambia ndiyo sababu.

Tumekubaliana kompyuta ikae sebuleni, na ikifika saa tatu usiku inafungwa. Muziki kauzima mwenyewe kwenye mipangilio. Dada yangu bado hajaridhika, anasubiri matokeo ya muhula.

Wallahu a'lam.