Waliovuta Mstari wa Kwanza

Katika mashamba ya mahindi na ngano ya Uasin Gishu, mstari wa kwanza ndio uliouamua msimu. Ukipinda, wa pili huufuata, wa ishirini hupinda zaidi, na mwishoni hubaki kipande cha pembetatu ambacho planta haiwezi kugeukia. Nilipokuwa mtoto, mstari huo haukupewa kila dereva. Ulikuwa wa mzee mmoja mwenye Massey Ferguson kuukuu, aliyeitwa shamba hadi shamba mvua za Machi zilipokaribia. Alichagua mti ng'ambo ya bonde, akaulenga kwa pua ya boneti, na hakugeuza macho mpaka alipofika.

Kunyunyizia dawa nako kulikuwa na watu wake. Vijana wawili walisimama, kila mmoja ukingoni mwa shamba, wameinua fito zilizofungwa vipande vya gunia jeupe. Trekta likishapita, walihesabu hatua kulingana na upana wa bumu, yaani mkono mrefu wa kunyunyizia, wakasogea, wakasimama tena. Upepo ukigeuka, dawa iliwaangukia, na kinga yao ilikuwa leso puani. Kazi hiyo imekwisha, na nashukuru imekwisha.

Leo kazi ya mzee na ya vijana wale imekabidhiwa kipokezi cha GPS kilichofungwa juu ya paa la kebini. Kukifunga kunataka utulivu. Fundi huweka antena katikati kabisa ya trekta, hupima kimo chake kutoka ardhini, umbali wake hadi ekseli ya nyuma, na upana halisi wa planta. Kisha husimamisha trekta mahali palipo sawa, huligeuza na kulirudisha juu ya alama zilezile za magurudumu likielekea upande wa pili, ili chombo kijifunze mwinamo. Akiruka hatua hiyo atajuta: antena iliyo mita 3 juu, trekta likiinama nyuzi 5 tu kwenye mteremko, husogea kando zaidi ya robo mita. Mwisho dereva hubonyeza A mwanzo wa shamba na B mwisho wake, na usukani huufuata mstari huo wenyewe.

Teknolojia hii ilichelewa kufaa shambani. Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi waliyopewa raia, hata kosa likaweza kufikia mita 100, mpaka Rais Bill Clinton alipoamuru uvurugaji huo ukome Mei 2000. Hata hivyo, mita kadhaa zilizobaki hazipandi mahindi. Kinachopanda ni marekebisho yanayotumwa kwa redio au laini ya simu kutoka kituo kilichosimikwa mahali panapojulikana, yakishusha kosa hadi sentimita 2 au 3. Faida yake ni ya kweli. Bumu ya mita 12 inayorudia mita moja kila ikipita hupoteza karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya dawa, na mkulima wetu ameilipia dawa hiyo kwa mkopo.

Lakini mzee yule hakujua kunyoosha tu. Alijua ni wapi chemchemi hufumuka Juni na kumeza magurudumu, wapi kichuguu kilisawazishwa kikaacha udongo mgumu kama saruji, na jiwe lipi lilikula majembe ya plau miaka iliyopita. Alipokaribia mahali hapo aliinua jembe bila kuambiwa. Ameshazikwa, na hakuna aliyeandika hata kimoja kati ya alivyovijua.

Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu nafasi ya kuandika ipo. Skrini ileile ina kitufe cha kutia alama ya jiwe au tope. Ukikibonyeza mara moja, kitamwonya kila dereva atakayekuja baadaye. Katika mashamba niliyoyatembelea, ramani hizo ni tupu. Fundi hufika asubuhi, hupima, hufunga, huondoka, na madereva wa zamani wanakuwa wamekwisha kurudishwa nyumbani. Halafu hufika jioni za Machi na Aprili, ambapo baada ya jua kuzama anga ya juu ya ikweta huyatikisa mawimbi ya setilaiti, hasa miaka ambayo jua lina misukosuko. Usukani huachilia mstari, na kijana aliyefundishwa skrini peke yake huzima injini na kungoja, mvua ikimkaribia.

Mkulima anayefunga kipokezi mwaka huu bado anaweza kufanya tofauti. Amtafute dereva mzee aliyebaki kijijini, ampe heshima yake na malipo ya siku nzima, ampandishe kwenye kebini, wazunguke shamba lote polepole, na kila anapoonyesha kidole, kitufe kibonyezwe. Wazee hao wanapungua kila msimu, na setilaiti haziwezi kutuambia walichokijua.